Kisu cha Mchunaji: Zana za Kupasua na Kuchuna Wanyama wa Mawindo

Kisu cha kumchunia mnyama wa mawindo kina kazi mbili zinazovutana: kukata upesi, na kutokata pasipotakiwa. Upesi unahitajika kwa sababu mnyama aliyeanguka saa nne asubuhi katika nyika yenye jua kali ana joto la mwili la nyuzi 38 au 39, na joto hilo halina njia ya kutoka maadamu ngozi bado imemfunika. Tumbo kubwa la mnyama acheuaye halifi pamoja naye. Vijidudu vyake vinaendelea kuchachua majani, gesi inajaa, na baada ya muda mfupi ubavu umevimba. Ndiyo maana mchunaji hana nafasi ya kupumzika.

Kazi ya pili ndiyo inayosahauliwa dukani. Chini ya ngozi kuna nyama, chini ya nyama kuna utando mwembamba wa tumbo, na ndani ya matumbo kuna uchafu ambao tone moja tu linatosha kuharibu minofu. Pembeni mwa ini kuna nyongo, na karibu na nyonga kuna kibofu. Hasara nyingi za porini husababishwa na ncha iliyopita sentimita mbili zaidi ya ilivyotakiwa. Kisu butu huchangia vilevile, kwa kuwa humlazimisha mtu atumie nguvu, na kikishateleza hakiongozeki tena. Anayechagua kisu kwa kuangalia ukubwa na mng'ao wake amechagua kwa kipimo kisichohusika.

Zana hizi zina historia ndefu kuliko zana nyingine yoyote ya binadamu. Katika Bonde la Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, yamechimbuliwa mawe yaliyochongwa makali pamoja na mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa, mabaki yenye umri wa karibu miaka milioni 1.8. Alama hizo zinaonyesha watu wa kale wakitenganisha ngozi na nyama kwa vigae vya mawe vya urefu wa vidole viwili au vitatu. Na siku hizi, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda hubeba kisu kifupi na shoka dogo. Vyuma vyao vingi hutoka kwa wahunzi wa Kidatoga, wanaobadilishana nao kwa nyama na asali. Katika mikono yenye ujuzi, kisu kifupi kimekuwa kikitosha tangu zamani.

Mazungumzo haya yanahusu uwindaji wa halali. Nchini Tanzania uwindaji unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na mwaka 2020 zilitolewa kanuni zilizofungua njia kwa mabucha ya nyamapori. Kuanzia hapo, usafi wa nyama ya porini ukawa jambo la wateja wa mjini pia, si la kambi za wawindaji peke yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Hata hivyo karibu kila linalosemwa hapa juu ya visu linamfaa pia mchinjaji wa mbuzi wa Kajiado au wa ng'ombe wa Shinyanga, kwa kuwa ngozi na matumbo vimepangwa kwa namna ileile.

Jambo la kwanza ni urefu wa ubapa. Kwa kupasua tumbo na kazi nyingi za mwanzo, ubapa wa sentimita 9 hadi 11 ndio unaofaa. Kipimo hicho kinatokana na mkono wenyewe. Mchunaji anapofika ndani ya kifua kukata koo na umio, mkono wake umezama mpaka kwenye kiwiko na macho yake hayaoni kitu. Anajua ncha ilipo kwa kidole cha shahada kilicholala juu ya mgongo wa kisu. Ubapa wa sentimita 10 unaruhusu kidole chake kifike karibu na ncha. Ubapa wa sentimita 20 unaiacha ncha mbali na kidole, mahali asipoweza kuihisi, na hapo ndipo tumbo hutobolewa, au mkono wa mwenzake anayeshikilia mbavu hukatwa.

Ukubwa wa mnyama haubadilishi kipimo hicho kama watu wanavyodhani. Digidigi hafiki kilo 7, swala pala dume ana kilo 60 hivi, na pofu dume aliyekomaa anaweza kufika kilo 900. Wote hao hupasuliwa kwa kisu kifupi. Kinachobadilika ni idadi ya visu na muda wa kunoa. Swala mmoja humalizwa kwa kisu kimoja bila kukigusisha kinoo. Nyati humaliza makali ya visu viwili au vitatu, kwa sababu ngozi ya shingo na mabega yake ni nene, na manyoya yake yamejaa tope lililokauka. Tope hilo ni mchanga, na mchanga husaga makali kuliko kitu chochote kingine katika kazi hii.

Kwa sababu hiyohiyo, ngozi haikatwi kutoka nje kwenda ndani. Hufunguliwa tundu dogo, kisu kikageuzwa makali juu, kikapitishwa chini ya ngozi na kuipasua kutoka ndani. Hivyo makali hayagusi tope, na manyoya hayakatwi vipande vipande na kunata juu ya nyama. Unyoya uliokatwa ukishanata juu ya mafuta ni kazi kubwa kuutoa, na maji ya kuusafishia porini huwa haba.

Umbo la ncha linafuata. Visu vingi vya mawindo vya leo vina mgongo unaoinama taratibu kuelekea ncha, hivi kwamba ncha inakaa chini kidogo ya mstari wa mgongo. Aliyelieneza zaidi umbo hili ni Bob Loveless wa Marekani, aliyefariki mwaka 2010. Inaelezwa kwamba alianza kutengeneza visu mwaka 1954, baada ya kuambiwa dukani angoje miezi mingi ili apate kisu alichokitaka. Akaamua kujifulia chake mwenyewe kwa chuma cha springi ya gari kuukuu aina ya Packard. Wahunzi wa Afrika Mashariki wanaifahamu njia hiyo vizuri, maana nao hufua mapanga na visu kutokana na springi za magari. Ubora wa umbo lake ni kwamba makali yanapogeuzwa juu ili kupasua tumbo, ncha haichomi kuelekea kwenye matumbo. Kisu chenye ncha iliyopinda kwenda juu, kama jambia, hufanya kinyume chake. Ni kizuri kukitazama, lakini ndani ya tumbo la mnyama hakifai.

Namna ya kupasua nayo ina uhusiano na kisu. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, huingizwa katika tundu, vikatanuliwa na kuinua ukuta wa tumbo juu, mbali na matumbo. Kisu hutembea katikati ya vidole hivyo, makali juu, kikivifuata hatua kwa hatua hadi kwenye kidari. Kisu kipana mno hakipiti kati ya vidole. Upana wa sentimita 2.5 unatosha, na unene wa mgongo wa milimita 3 unatosha pia. Wauzaji husifu visu vyenye mgongo wa milimita 5 au 6 kuwa ni imara. Uimara huo ni wa kuchanjia kuni. Ubapa mnene huingia kwenye nyama kwa shida, kwa sababu kabari yake inasukuma badala ya kukata.

Kuna visu vyenye ndoana juu ya mgongo, iliyonolewa upande wa ndani ili kupasua ngozi ya tumbo bila kugusa matumbo. Ndoana hiyo hufanya kazi vizuri kwenye mnyama mwenye manyoya mafupi na ngozi laini, lakini huziba kwa manyoya na mafuta, na kuinoa kunahitaji kijiti cha mviringo ambacho wengi hawana. Mchunaji mwenye vidole viwili na kisu kikali haihitaji. Tena inaharibu mgongo wa kisu, mahali pale hasa ambapo kidole cha shahada kinapaswa kulala.

Kuchuna kwenyewe kunataka kisu cha pili. Kisu cha machinjioni cha kuchunia kina ubapa wa sentimita 13 hadi 15, tumbo la makali lililopinda sana, na ncha pana iliyo butu kidogo. Mpindo huo una maana. Makali yaliyopinda hugusa utando ulio kati ya ngozi na nyama mahali padogo kwa wakati mmoja, na ngozi ikiwa imevutwa kwa mkono wa kushoto, mguso huo mdogo unatosha kuachanisha. Makali yaliyonyooka hugusa eneo refu, na sehemu moja ya eneo hilo haikosi kuingia kwenye ngozi au kwenye nyama. Ncha butu nayo haitoboi. Kampuni za Victorinox ya Uswisi na F. Dick ya Ujerumani hutengeneza visu vya namna hii kwa ajili ya machinjio, vyenye mipini ya plastiki, na si vya bei ya kutisha vikilinganishwa na visu vya mapambo vinavyouzwa kwa jina la uwindaji.

Kiasi kikubwa cha ngozi hakihitaji kisu kabisa. Mbavuni na mgongoni ngozi huachana na nyama kwa ngumi: ngumi husukumwa kati ya ngozi na mwili huku mkono mwingine ukivuta. Wachinjaji wa mbuzi wa Afrika Mashariki wanaijua njia hii tangu utotoni, na ni bora kuliko kisu chochote, kwa kuwa ngumi haiwezi kutia chale. Chale za kisu upande wa ndani wa ngozi ni kasoro inayoishusha ngozi daraja. Hazionekani mpaka ngozi ifike kiwandani, hapo mahali palipokwaruzwa panapasuka au panaacha mstari katika kiatu. Kisu kibakie kwa sehemu zilizoshikana: miguuni, shingoni, katikati ya kifua na mkiani. Ila desturi ya kupuliza hewa kwa mdomo chini ya ngozi ili iachane iachwe. Pumzi ya mtu hubeba vijidudu hadi kwenye nyama ambayo ilikuwa safi.

Mwelekeo wa makali hutegemea kinachothaminiwa. Kama ni nyama, makali huinamishwa kidogo kuelekea ngozi. Kama ni ngozi, hasa ngozi ya nyara, makali huinamishwa kuelekea nyama, na nyama kidogo ikibaki kwenye ngozi itakwanguliwa baadaye kwa utulivu. Mchunaji hodari huamua hilo kabla hajaanza, wala habadili nia katikati.

Kuro anastahili kutajwa peke yake. Ngozi yake hutoa mafuta yenye harufu kali, na harufu hiyo ikigusa nyama huipa ladha ambayo watu wengi huishindwa. Watu husema nyama ya kuro ni mbaya, lakini mara nyingi ubaya umeletwa na mikono. Aliyeshika manyoya kwa mkono wa kushoto na nyama kwa mkono uleule ndiye aliyeiharibu. Kwa kuro hutengwa kisu kimoja kwa ngozi na kingine kwa nyama, na mkono wa ngozi ubaki kuwa wa ngozi tu mpaka kazi iishe.

Kichwa cha nyara kinahitaji kisu cha tatu, na hiki ni kidogo kuliko vyote: ubapa wa sentimita 6 hadi 8, mwembamba, wenye ncha kali. Ngozi ya kichwa na shingo inayokusudiwa kutundikwa hukatwa kwa kuzunguka mwili nyuma ya mabega, kisha mstari mmoja hupita juu ya shingo upande wa nyuma, kamwe si upande wa koo, ili mshono usionekane. Kazi ngumu iko machoni. Mchunaji huingiza kidole ndani ya kope kutoka nje, akiinyanyua, na kisu hukata kutoka upande wa mfupa kikifuata ncha ya kile kidole. Mbele ya jicho, ambapo swala wengi wana shimo la tezi, ngozi imeshikana na mfupa kabisa. Hapo kisu hukwangua mfupa wenyewe, kwa sababu kukwepa mfupa ni kuitoboa ngozi. Midomo hupasuliwa katikati kutoka ndani, masikio hugeuzwa nje kama soksi, gegedu ya pua hupunguzwa. Kisha chumvi. Kipimo kinachotumika katika kambi nyingi ni kilo moja ya chumvi laini kwa kilo moja ya ngozi mbichi, ikisuguliwa kila mkunjo, na ngozi hukaushwa kivulini. Mkunjo mmoja wa sikio uliokosa chumvi hudondosha manyoya baada ya siku chache, na kosa hilo halirekebishiki.

Hapa hutokea mvutano ambao kambi za Tanzania zinaufahamu. Wachunaji na wapagazi wengi ni Waislamu, na mnyama aliyekutwa bado yu hai lazima achinjwe, wakati mwenye nyara anataka shingo isiyo na jeraha. Kisu cha kuchinjia ni kingine tena: kirefu, chenye makali yaliyonyooka na yasiyo na pengo hata moja, na mafundisho ya dini yenyewe yanamwagiza mchinjaji akinoe kwanza ili asimtese mnyama. Suala hilo lina ufumbuzi wa kiufundi. Mkato mmoja safi wa kisu kikali unashonwa na fundi wa kukausha nyara bila kuacha alama kubwa. Mkato uliokokotwa kwa kisu butu huiacha shingo imechanika vipande. Makubaliano yafanywe kambini kabla ya kutoka, si juu ya mnyama anayetapatapa.

Kuhusu chuma, mabishano ni mengi kuliko tofauti zenyewe. Chuma cha kaboni hunoleka upesi hata kwa jiwe la mtoni na hushika makali mazuri, lakini damu ina chumvi, na kisu kilichoachwa na damu mchana mmoja hupata madoa ya kutu. Chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, husamehe uvivu huo ingawa kinaweza kuchelewa kunoleka. Ugumu unaofaa porini ni wa kati, kama 56 hadi 58 katika kipimo cha Rockwell. Visu vya ugumu wa 61 na kuendelea hukaa na makali muda mrefu, lakini vikiishiwa makali vinahitaji jiwe la almasi, na makali yake hukatika vipande vinapogonga mfupa. Kwa mtu aliye siku mbili kutoka dukani, kisu kinachonoleka kwa dakika tano kina faida kuliko kisichonoleka kabisa. Mora ya Uswidi na Tramontina ya Brazil huuza visu vya aina hiyo kwa bei nafuu, na havimuaibishi mtu.

Kisu cha muhunzi wa hapa hakistahili kudharauliwa. Springi ya gari ni chuma kizuri, chenye kaboni karibu asilimia 0.6, na kikifuliwa na kuzimwa vizuri kwenye mafuta hutoa kisu kigumu kisichovunjika kirahisi. Tofauti iko kwa fundi. Kisu kilichofuliwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, au katika karakana ya mjini kokote kina njia tatu za kujaribiwa. Tupa ikipitishwa kwenye makali iteleze zaidi ya kuuma. Ikiuma kirahisi, chuma ni laini. Makali yakibonyezwa juu ya mwili wa msumari yapinde kidogo na kurudi. Yakibaki yamepinda ni laini, yakimeguka ni makavu mno. Na rangi ya bluu karibu na makali ni dalili kwamba mashine ya kusagia ilikipasha moto kupita kiasi na kukiondolea ugumu. Kisu chenye bluu kwenye makali kisinunuliwe kwa bei yoyote.

Kunoa ndiyo nusu ya ufundi. Waswahili wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na mchunaji anaweza kuuchukua msemo huo kama ulivyo. Pembe ya nyuzi 20 kila upande inakifaa kisu cha porini. Nyuzi 15 inakifaa kile kidogo cha kichwa. Kinoo chenye pande mbili, wa kukwaruza na wa kulainisha, kinatosha, kikiwa na maji au mafuta. Kisu husukumwa juu ya kinoo kwa pembe ileile mpaka upande wa pili uhisiwe kwa kidole gumba una ukingo mwembamba uliojikunja, urefu wote wa makali. Ukingo huo ndio dalili kwamba makali yamefikiwa. Hapo hugeuzwa, hurudiwa, na mwisho ukingo huondolewa kwa kukivuta kisu kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi. Asiye na kinoo ageuze kikombe cha udongo: ile duara ya chini isiyopakwa rangi ya kung'aa hunoa vizuri. Katikati ya kazi, fimbo ya chuma ya wauza nyama hunyoosha makali yaliyolala, lakini haiongezi makali mapya, na wanaodhani inanoa huishia kusukuma kisu butu.

Mpini haufai kuchaguliwa kwa uzuri. Mpini wa mpingo au pembe ni fahari, ila damu na mafuta hupenya kwenye viungo vyake na kubaki humo. Plastiki ngumu au mpira wenye mikwaruzo haitelezi, na huvumilia maji ya nyuzi 82, ambayo ndiyo joto la kuoshea visu machinjioni. Pawe na kizuizi kati ya mpini na ubapa, hata kidogo, kwa kuwa mkono wenye mafuta huteleza mbele. Rangi ya machungwa au njano ina maana pia: kisu cheusi kilichowekwa kwenye majani jioni hakionekani tena. Ala ya ngozi hunyonya damu na kulea kutu, hivyo ya plastiki inayooshwa ni bora. Kisu cha kukunja kinafaa mfukoni kwa kukata kamba, si kwa kuchunia. Bawaba yake hujaa mafuta na nyama, na haisafishiki.

Visu vyenye nyembe za kubadilisha, mfano wa vile vya hospitali, vimeenea katika miaka ya karibuni, na Havalon ya Marekani ni jina linalojulikana. Kwa kichwa cha nyara havina mshindani. Kwa viungo na mifupa ni hatari, kwa kuwa wembe huvunjika na kipande kikabaki ndani ya nyama itakayoliwa na mtoto wa mtu. Nyembe zihesabiwe kabla na baada ya kazi, zilizotumika ziingie kwenye kopo lenye kifuniko na kurudi kambini.

Mifupa haikatwi kwa kisu. Kidari cha swala mchanga hupasuka kwa kisu imara katika gegedu, lakini cha mnyama mkubwa kinahitaji msumeno. Msumeno wa mbao wenye meno madogo huziba kwa mafuta mara moja; meno makubwa, yenye nafasi kati yake, ndiyo yanayofaa. Shoka na panga vinafanya kazi hiyo, na katika kambi nyingi panga ndilo lililo karibu, ila hurusha vipande vya mfupa ndani ya nyama. Miguu haihitaji lolote kati ya hayo: kisu kidogo kikipata mahali pa kiungo hutenganisha goti la nyati bila kugusa mfupa.

Vitu vingine havina mjadala mrefu. Kamba imara na fimbo ya kupitisha katika kano za miguu ya nyuma, ili mnyama atundikwe na hewa ipite. Uzi wa kufunga umio na njia ya haja kubwa kabla ya kuvuta matumbo. Turubai safi. Mifuko ya kitambaa cha pamba inayopitisha hewa na kuzuia nzi, si ya plastiki inayofungia joto. Maji, sabuni, na sufuria juu ya moto yenye kisu cha pili kikingoja zamu.

Na glovu. Magonjwa kama brusela na homa ya Bonde la Ufa huingia kwa damu na majimaji ya mnyama kupitia chale ndogo mkononi. Kubwa zaidi ni kimeta. Mnyama aliyekutwa amekufa bila sababu inayoonekana, aliyevimba haraka, mwenye damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, haguswi kwa kisu chochote. Kumpasua ni kuvipa hewa vimelea vinavyogeuka kuwa mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Viboko wengi walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda mwaka 2004. Taarifa ipelekwe kwa daktari wa mifugo au ofisi ya wanyamapori, na watu na mbwa wazuiwe kusogea.

Baada ya kazi kisu huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, huwekwa nje ya ala mpaka kikauke kabisa, kisha hupakwa mafuta ya kula. Mwisho kuna suala la mahali kinapobebwa. Katika hifadhi za taifa za Tanzania, kukutwa na silaha bila kibali ni kosa, na kisu na panga huhesabiwa humo. Kesi nyingi za watu waliokamatwa ndani ya Serengeti zina kisu, panga na nyaya za kutegea katika orodha ya vielelezo. Kwa hiyo mwindaji mwenye leseni aibebe pamoja na visu vyake, na asiye na leseni aviache visu hivyo nyumbani, kwa mbuzi na ng'ombe.